Kaoze Bondeni: Mwanafunzi wa Sheria Aenda Kusikiliza

Msafiri aondokaye Sumbawanga alfajiri katika mwezi wa Julai hana budi kujifunika vizuri. Mji huu umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na upepo wa kipupwe hauna adabu kwa mgeni. Asubuhi ile pale stendi abiria walikuwa wamejikunyata ndani ya makoti, akina mama wamejitanda khanga juu ya sweta, na muuza chai ndiye aliyekuwa mtu maarufu kuliko wote. Sisi wakazi wa Dar es Salaam tukisikia jina la Sumbawanga hukimbilia habari za uchawi, wala hatuulizi maana ya jina lenyewe, ambalo kwa Kifipa ni agizo la kuutupa huo uchawi. Lakini safari yangu haikuhusu mambo hayo. Nilikuwa nakwenda Kaoze, kata iliyo chini bondeni upande wa Ziwa Rukwa, nikaone mahali watokapo mpunga na samaki wauzwao katika soko la mjini.

Katika basi dogo niliketi karibu na binti mmoja aliyepakata kabrasha nene kuliko mkate wa boflo. Alinisalimu kwa heshima, tukazungumza. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sheria katika chuo kikuu kimojawapo cha Dar es Salaam, mzaliwa wa Sumbawanga mjini, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuteremka bondeni. Alikuwa katika mazoezi ya vitendo ya likizo ndefu, naye amepewa kazi ya kuhudhuria vikao vya mabaraza ya kata na kuandika taarifa. Nikamwuliza kama kabrasha lile lilikuwa la mabaraza ya kata. Akacheka kidogo. "Hapana, Baba. Hili ni la Vienna."

Hapo ndipo safari ilipopata mazungumzo yake.

Kila mwaka, ndugu msomaji, wanafunzi wa sheria kutoka nchi nyingi za dunia hukutana Vienna, mji mkuu wa Austria, katika mashindano ya usuluhishi wa biashara ya kimataifa yaitwayo kwa jina la Willem C. Vis. Yalianza katika miaka ya 1990, na siku hizi vikundi vinavyoshiriki hupita mia tatu. Mwezi wa Oktoba wanafunzi hupewa makaratasi ya ugomvi wa kubuni baina ya makampuni mawili. Mpaka Desemba wawe wamekwisha kuandika hoja za mdai, na baada ya mwaka mpya waandike hoja za mdaiwa. Yaani kikundi kile kile humtetea mmoja kisha kikamgeukia. Karibu na sikukuu ya Pasaka husimama mbele ya waamuzi watatu na kusema kwa mdomo, kila upande kwa muda upatao nusu saa. Makampuni hayo hutoka katika nchi za kubuni, nazo zina majina: moja huitwa Equatoriana, nyingine Mediterraneo. Binti huyu alikuwa amekwisha kutumia majuma mengi akiitetea Equatoriana, nchi isiyokuwamo katika ramani yoyote, ilhali Kaoze, iliyo mwendo wa nusu siku kutoka kwao, hakuwahi kuiona. Alilisema hilo yeye mwenyewe, wala si mimi niliyemtania.

Basi ilipita Ntendo, ikaacha mashamba ya uwandani na matuta yake ya duara ambayo Wafipa huyafunikia nyasi zikaoza kuwa mbolea, tukaanza kuuteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Dereva alishika breki kama mtu ashikaye mkia wa fahali. Kila kona tuliyoizunguka ilituvua nguo moja: kwanza makoti, kisha sweta, na tulipofika chini hata wazee walikuwa wamefungua vifungo vya shati. Kwa mbali ziwa liling'aa kama bati jipya. Mwaka 1880 mpelelezi wa Uskoti, Joseph Thomson, aliliona ziwa hili kutoka juu, naye akalibandika jina la Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Jina hilo halikushika. Watu wa pwani ya ziwa hawakuwa wameulizwa.

Maji ya Ziwa Rukwa hayana njia ya kutokea. Yaingiayo hubaki humo mpaka jua liyanywe, ndiyo maana yana chumvichumvi. Mito iteremkayo kutoka ukingoni huja na mchanga mwingi, na ifikapo kwenye tambarare huumwaga, ikajizibia njia na kuhama. Mto wa mwaka huu waweza kuwa shamba la mwaka ujao. Namwomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana ndilo lililoleta kesi tutakayoiona.

Tulipita Muze, Mtowisa na Ilemba. Kando ya barabara mabua ya mpunga uliokwisha kuvunwa yalikuwa manjano hadi macho yalipochoka. Makundi ya ng'ombe yalikuwa yakinywa maji katika vidimbwi, na wachungaji vijana, wengi wao Wasukuma, walisimama kwa mguu mmoja juu ya fimbo zao. Wafugaji walianza kuingia bonde hili kwa wingi kutoka kanda ya Ziwa Viktoria katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita, wakitafuta malisho. Hata leo Mfipa wa bondeni akikutana asubuhi na jirani yake humwamkia "Mwangaluka" bila kufikiri, na Wawanda, ambao ni wenyeji wa kale wa upande huu wa kusini, hufanya vivyo hivyo. Salamu zimekwisha kuchanganyika. Mashamba na malisho bado.

Tulifika Kaoze jua likiwa utosini. Ni mahali pa nyumba za matofali ya kuchoma, mashine ya kukoboa iliyokuwa ikiguruma, pikipiki zilizobeba magunia mawili mawili, na miembe mikubwa yenye kivuli cha kukaa watu hamsini. Chini ya mmoja wa miembe hiyo Baraza la Kata lilikuwa limekwisha kuketi.

Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 yasema baraza la namna hii liwe na wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, watatu kati yao wanawake. Siku ile walikuwa sita. Sheria hiyo hiyo inamkataza wakili kusimama kwa uwakili wake kumsemea mtu mbele ya baraza. Kwa hiyo binti yetu, hata angalikuwa amekwisha kuvaa joho, hapa hakuwa na la kufanya ila kuketi na kusikiliza. Alipewa kigoda. Mimi nilipewa ndoo iliyofunikwa.

Kesi ilikuwa baina ya mama mmoja mkulima na mzee mmoja mfugaji. Mwezi wa Aprili, mpunga ukiwa unachanua, ng'ombe wa mzee walipita katika shamba la mama, eka mbili, wakaacha njia pana kama barabara. Mpunga ule ulikuwa wa kumpeleka kijana wake chuo cha ufundi. Alisema haya bila kupaza sauti, huku ameshika suke moja lililokauka ambalo alilitunza tangu siku ile. Mzee naye hakukana. Alisema ng'ombe wake hawakuingia shambani, bali shamba ndilo lililoingia katika njia ya ng'ombe. Baba yake aliwapitisha ng'ombe pale pale kwenda mtoni, naye amewapitisha pale pale maisha yake yote.

Mwenyekiti akamgeukia binti, kwa ukarimu tu, akauliza kama mgeni kutoka chuoni ana neno. Akasimama. Nilimwona akivuta pumzi kama mtu aliye Vienna mbele ya saa. Akauliza kama kuna hati yoyote ionyeshayo mapito ya mifugo, na kama ipo, iliandikwa lini na nani.

Kimya. Kisha mzee akasema, "Hati yake ni kwato, mwanangu."

Watu walicheka, lakini si kwa ubaya. Mjumbe mmoja wa kike, mama wa makamo mwenye kilemba cha kijani, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema lolote, aliinuka akajifunga khanga kiunoni. "Twendeni tukaone," alisema. Baraza zima likainuka, na sisi nyuma yake, tukatembea kiasi cha nusu saa katika jua lile.

Huko ndiko mambo yalikofunguka. Palikuwa na mkuyu mmoja mkubwa, na kando yake korongo kavu lililojaa mchanga mweupe. Mama wa kilemba akamwambia kila mmoja wao asimame mahali anapopaita "kando ya mto". Mzee akasimama upande wa kulia wa mkuyu, kwenye ukingo wa korongo. Mama mkulima akaenda hatua zipatazo mia mbili upande wa kushoto, ambako maji yanapita leo. Mto ulikuwa umehama. Mzee alikuwa akiufuata mto uliokufa, na mama alikuwa amegawiwa na kijiji, kwa haki kabisa, udongo mzuri ulioachwa na mto ule. Chini ya mwembe kila mmoja alipokuwa akisema "mtoni" mwenzake alimwona mwongo. Pale kwenye mkuyu ilionekana kuwa wote wawili walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo.

Binti alisimama juu ya mchanga muda mrefu. Baadaye aliniambia kwamba katika kabrasha lake lote la Equatoriana hamna mahali ambapo mtu huinuka kwenda kuona. Haiwezekani, kwa kuwa nchi yenyewe haipo.

Tukirudi alimweleza yule mama wa kilemba kazi wanayoifanya chuoni. Alieleza vizuri, nami nayarudia maneno yake kwa faida ya msomaji. Wafanyabiashara wa nchi mbili wakigombana, kila mmoja huiogopa mahakama ya mwenzake, kama mume aogopavyo kesi yake kuamuliwa na wajomba wa mkewe. Kwa hiyo huandika mapema ndani ya mkataba kwamba ugomvi ukizuka utapelekwa kwa waamuzi wa kuchaguliwa: mmoja wa huku, mmoja wa huko, na wa tatu wa kukaa kati. Uamuzi wao hutambuliwa katika nchi zote zilizoingia Mkataba wa New York wa mwaka 1958, na Tanzania iliuingia mwaka 1964.

"Nao wakishindwa kupatanisha?" mama akauliza.

"Wao hawapatanishi, Mama. Wanaamua."

"Na wewe unamtetea nani?"

"Wote wawili. Leo mdai, kesho mdaiwa."

"Kumtetea mtu leo na kesho kumpinga! Huo si unafiki, mwanangu?"

Binti akafikiri kidogo. "Ni mazoezi, Mama. Nikimsemea mmoja tu sitaona alichosimamia wa pili." Mama akatazama nyuma kule kwenye mkuyu, wala hakuuliza tena.

Kiswahili chetu kinayaita yote mawili usuluhishi, kupatanisha na kuamua, na neno hilo moja limewachanganya wengi. Wajumbe wa Kaoze wanaijua tofauti kwa sababu imewapata. Zamani baraza la kata liliweza kuamua kesi ya ardhi. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa: sasa kazi yake ni kupatanisha tu, na lisipofanikiwa ndani ya siku 30, mlalamikaji yuko huru kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa mama mwenye eka mbili maana yake ni nauli ya kuupanda ukingo ule, malazi na siku za kazi zilizopotea, si mara moja wala mbili. Siku ile ilikuwa ya kumi na tisa.

Pengine msomaji atauliza, mfanyakazi wa Ubungo au Mwanza anahusikaje na usuluhishi wa kimataifa? Anahusika kwa mfuko wake. Wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka City Water, iliyokabidhiwa maji ya jiji mwaka 2003 na mkataba wake ukavunjwa mwaka 2005. Wawekezaji, kampuni ya Biwater Gauff, waliishtaki Serikali yetu katika kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia, Washington. Mwezi wa Julai 2008 waamuzi walisema Serikali ilikiuka mkataba wa kulinda vitega uchumi, lakini hawakuamuru fidia yoyote. Mashirika ya kiraia ya hapa nchini yaliruhusiwa kuandika maoni yao juu ya haki ya wananchi kupata maji. Kuingia ndani kusikiliza hayakuruhusiwa. Mtoto wa Kaoze alikuwa ameketi juu ya tawi la mwembe siku ile, akisikiliza kesi yote huku akila muwa.

Tena, ng'ambo ya mashariki ya ziwa hili hili yako machimbo ya dhahabu ya Lupa. Huko kampuni ya Winshear ya Kanada ilikuwa na leseni hodhi, aina ya leseni iliyofutwa kwa mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka 2017. Ikashtaki. Mwaka 2023 Serikali ilikubali kulipa dola za Marekani milioni 30 kumaliza shauri hilo. Mwaka 2024 mashauri mengine mawili ya leseni za namna hiyo, la Ntaka Hill kule Nachingwea na la Wigu Hill, yalimalizwa kwa dola milioni 90 na milioni 27. Jumla ni dola milioni 147. Sisemi kwamba kufuta leseni kulikuwa kosa. Nchi ina haki juu ya mali yake. Nasema kwamba ugomvi wa namna hii huamuliwa na watu watatu katika chumba cha mbali, na anayetusemea humo ni lazima awe amejifunza kazi hiyo kwa mikono yake, si kwa kusoma tu. Sheria yetu ya usuluhishi ya mwaka 1931 ilidumu mpaka ikatungwa mpya mwaka 2020. Mawakili wa kuitumia hawatungwi Bungeni.

Kwa hiyo siungi mkono wanaosema kuwapeleka vijana Vienna ni anasa. Waende, na waende wengi kuliko sasa. Ninalolalamikia ni kwamba kabla ya Vienna hawapelekwi Kaoze, na huyu mmoja alifika kwa bahati ya likizo.

Jioni, tukila wali na samaki wa ziwani kwa mama ntilie, binti alinieleza kesi moja ya kweli aliyoisoma chuoni, ambayo mpaka siku ile alikuwa ameiona kavu. Ni ya Abyei. Mwaka 2008 Serikali ya Sudan na chama cha SPLM cha kusini walikubaliana kupeleka The Hague, mbele ya waamuzi watano, ugomvi wa mipaka ya eneo hilo, ambako Wadinka wa Ngok wanaishi na kulima, na Wamisseriya huja na ng'ombe wao kila kiangazi kutafuta maji na majani. Tarehe 22 Julai 2009 uamuzi ulitolewa. Mipaka ilichorwa, na waamuzi wakasema wazi kwamba haki za jadi za malisho haziondolewi na mstari wa mpaka. Ulikuwa uamuzi wa kupendeza kuusoma. Lakini viongozi wa Wamisseriya waliukataa, alama za mpaka hazikuwekwa ardhini, na Mei 2011 majeshi ya Khartoum yaliuteka mji wa Abyei. Ugomvi ule haujaisha hadi leo.

"Waliokubaliana kwenda The Hague ni serikali na chama," alisema. "Wenye ng'ombe hawakuwa upande wa kesi." Akasukuma sahani kando. "Kule kwenye mkuyu yule mzee alisimama mwenyewe kwa miguu yake."

Kesho yake baraza liliketi tena. Juu ya njia walielewana kabla ya saa nne: ng'ombe watapita kando ya shamba, upana wa hatua kumi na mbili, na minyaa itapandwa pande zote mbili kabla ya mvua za kwanza. Mzee alijitolea kuleta miche. Juu ya fidia hawakuelewana. Mama alitaka thamani ya magunia manane. Mzee alisema matatu, kisha manne, kisha akanyamaza. Mama wa kilemba hakumsukuma. Mwenyekiti akaahirisha mpaka Alhamisi, ambayo ingekuwa siku ya ishirini na mbili.

Basi la kurudi liliondoka saa tisa mchana. Binti alikuwa amelipa nauli tangu asubuhi, na taarifa yake ya chuo ilikuwa inangojewa mjini. Alikuja mpaka mlangoni pa gari na kabrasha lake, akanipa bahasha niifikishe kwa mama yake Sumbawanga, akasema atakaa mpaka Alhamisi. Nikamwuliza, na Equatoriana? Akasema makaratasi yake mapya hayatoki mpaka Oktoba.

Kondakta alilalamika kidogo juu ya nafasi iliyobaki wazi. Tulipofika Ilemba ilikaliwa na mwanamume mwenye gunia la mchele, na tulipoanza kuupanda ukingo sote tukatoa makoti yetu tena.